GAVANA, WAZIRI WA LONDON NA SWALI LA KIJANA WA BASOTU



Juzi baada ya darsa ya Isha hapa Katesh, kijana mmoja kutoka Basotu alinisubiri nje ya msikiti mpaka watu wote wakaondoka. Nikadhani ana shida ya nauli. Kumbe ana swali. Babu yake mzaa baba alikuwa Msomali, alikuja huku na biashara ya ng'ombe zama za Mwingereza, akaoa Mbarabaig, akafa na kuzikwa hukuhuku, mlima Hanang ukiuona kaburini kwake. Baba yake kazaliwa Basotu. Yeye kazaliwa Basotu. Alipokwenda kufuatilia karatasi zake, mtu wa ofisini akamtazama pua na nywele, akamwambia alete uthibitisho wa namna babu yake alivyoingia nchini, la sivyo "utarudishwa kwenu." Kijana akaniuliza: "Shekhe, hapo wanaposema kwetu, ni wapi?"

Usiku ule nilimjibu kwa ufupi na kumtuliza. Lakini nilimwahidi kuandika, kwa sababu neno lile halikuzaliwa jana, na wewe unayesoma hapa huenda siku moja ukaambiwa wewe, au ukalisema wewe kumwambia mwenzako. Andiko ni refu. Kaa chini, weka chai karibu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kumtoa mgeni nchini: mtu wa taifa jingine amekuja, muda wake umekwisha au amevunja sharti, anaambiwa arudi alikotoka. Kila dola duniani inadai uwezo huo. Halafu kuna kumng'oa mtu katika nchi yake mwenyewe na kumtupa mahali pengine kwa sababu mtawala hataki kumuona. La pili hili ni jingine kabisa. Makureshi walipokaa kumjadili Mtume (s.a.w.), Qur'ani katika Surat al-Anfal, aya ya 30, inatutajia mambo matatu waliyoyapanga: kumfunga, kumuua, au kumtoa. Angalia kutolewa kumewekwa safu moja na kuuawa. Na katika Surat al-Hajj, aya ya 40, waliotolewa majumbani mwao bila haki wanatajwa kuwa ni watu waliodhulumiwa.

Sasa usiniambie kwamba katika historia yetu hakuna mtu aliyehamishwa. Wapo. Wanazuoni wengi wanaona kwamba mzinifu asiyeoa anahamishwa mwaka mmoja baada ya viboko, na Mahanafi wanasema kuhamisha huko si hadd, ni siasa ya kiongozi. Miongoni mwa hoja zao ni kisa cha Sayyidna Umar (r.a.), ambacho Nasai amekipokea. Umar alimhamishia Rabia bin Umayya Khaybar kwa sababu ya pombe. Rabia hakukaa Khaybar. Alikwenda kwa Heraclius, mfalme wa Warumi, akaingia Ukristo. Habari ilipomfikia Umar, akasema hatamhamisha tena Muislamu yeyote baada ya huyo. Ni Umar huyo, ndugu yangu, mtu ambaye shetani alimkimbia njiani. Alikuwa na uwezo, aliutumia, akaona matokeo yake, akaurudisha alani. Kisa hiki kiweke kichwani, tutawapima nacho watu wengine.

Twende kwa Mwingereza.

Nyumbani kwake, Mwingereza alishajifunza zamani kuogopa uwezo huu. Katika hati ya Magna Carta ya mwaka 1215, mfalme alilazimishwa kuahidi kwamba mtu huru hatakamatwa wala kupelekwa uhamishoni ila kwa hukumu ya halali. Mwaka 1679 Bunge lao likatunga sheria ya kumtaka yeyote anayemshikilia mtu amlete mbele ya hakimu na aeleze kwa nini amemshika, na sheria hiyo hiyo ikakataza kumpeleka raia wa Uingereza kifungoni ng'ambo ya bahari. Kwa nini ng'ambo ya bahari? Kwa sababu mawaziri wa mfalme walikuwa na mtindo wa kuwaficha wafungwa visiwani ambako mkono wa hakimu haufiki. Kwa hiyo ilipofika karne ya 20, waziri wa London aliweza kumfukuza mgeni. Sheria ya Wageni ya 1905, iliyotungwa hasa kwa hofu ya Mayahudi waliokuwa wakikimbia Urusi, ilimpa uwezo huo, na sheria ya 1914 ikauongeza wakati wa vita. Lakini raia wake mwenyewe, aliyezaliwa Leeds au Bristol, waziri hakuweza kumwamsha usiku na kumwambia nenda kaishi kisiwani.

Sasa njoo huku kwetu. Wakati huo Hanang haikuwa wilaya. Nchi hii yote, kuanzia Karatu na Oldeani kule juu hadi Basotu huku chini, ilikuwa wilaya moja ya Mbulu, ndani ya Jimbo la Kaskazini. Mjerumani alikuwa ameshindwa vitani, na Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika aitunze kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Lugha ya udhamini ule ilikuwa nzuri: dhamana takatifu, maslahi ya wenyeji, na mengine ya namna hiyo. Mwaka 1921, utawala wake ukiwa bado mchanga, ikatungwa Sheria ya Kuhamisha Watu.

Nikueleze ilivyofanya kazi, kwa maneno yangu. Gavana akiridhika, kwa ushahidi uliotolewa kwa kiapo, kwamba mtu fulani anaendesha mambo yake kwa namna ya kuhatarisha amani, au anachochea uadui baina ya watu na Mfalme, au anakula njama dhidi ya utawala, basi Gavana anaweza kuamuru mtu huyo atolewe sehemu moja ya nchi apelekwe sehemu nyingine na akae huko. Ushahidi upo, ndiyo. Lakini nani anaupima? Gavana. Nani anaridhika? Gavana. Rufaa mahakamani? Hakuna. Mtu wa Dongobesh anaweza kujikuta Lindi bila kuambiwa kosa ambalo angeweza kulijibu.

Haikuwa peke yake. Kulikuwa na Sheria ya Adhabu ya Pamoja, ambayo ilimruhusu mtawala kuutoza faini ukoo mzima au kijiji kizima kwa kosa la mmoja. Wazee wa Kibarabaig ng'ombe wao walichukuliwa kwa sheria ya aina hiyo, mwenye kosa na asiye na kosa pamoja. Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa", na hapo ndipo kijana wa Kiafrika asiye na kazi Dar es Salaam akawa anarudishwa kijijini kama mzigo uliokosewa anwani. Hii ni sheria ya uhamiaji ndani ya nchi. Mwenyeji amefanywa mgeni katika mji wa nchi yake.

Kama unataka kuona tofauti ya mizani miwili kwa macho yako, chukua watu wawili ambao visa vyao vimepishana mwaka mmoja tu.

Wa kwanza ni Harry Thuku wa Kenya. Kijana mpiga simu wa serikali pale Nairobi, akaanza kusema juu ya kipande, kodi ya kichwa na wanawake kulazimishwa kufanya kazi mashambani. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye watu wakajaa mbele ya kituo cha polisi wakitaka aachiwe, bunduki zikalia. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, na wengine walisema ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, ndiye aliyewachachamaza wanaume waliokuwa wakisitasita, naye akafa pale. Thuku hakupandishwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu, wakati huo bado ni ya Kenya, halafu akahamishwahamishwa pwani na kaskazini. Hakurudi kwao mpaka takriban miaka 9 ilipopita. Miaka 9, ndugu yangu, bila hakimu hata mmoja kumwuliza jina lake.

Wa pili ni Art O'Brien, Muairish aliyekuwa akiishi London. Machi 1923, usiku mmoja, polisi wa Uingereza waliwakamata Wairish wapatao 100 katika miji mbalimbali ya Uingereza wakawapakia meli hadi Dublin, wakafungwe kule. Waziri wa Mambo ya Ndani alitumia kanuni ya zama za vurugu za Ireland. Unaona inavyofanana na kisa cha Thuku: usiku, bila mashtaka, kupelekwa mbali. Lakini O'Brien alikuwa na kitu ambacho Thuku hakuwa nacho. Mawakili wake waliingia mahakamani London wakaomba aletwe mbele ya majaji. Mwezi Mei 1923 Mahakama ya Rufani ikasema waziri hakuwa na uwezo huo, kwa sababu Ireland ilikuwa tayari na serikali yake, na waziri wa London hana amri juu ya jela ya Dublin. Serikali ikakimbilia Baraza la Malodi, ikagonga mwamba. O'Brien akarudishwa London. Baadaye alishitakiwa upya, lakini safari hii kwa mashtaka yaliyosomwa mbele ya jaji. Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuwakinga maofisa wasishitakiwe, na ndani yake wakaweka utaratibu wa kuwalipa fidia waliohamishwa.

Mfalme ni mmoja, bendera ni moja. Mwaka 1923 Muairish anarudishwa nyumbani kwa amri ya mahakama na serikali inalipa. Mwaka huo huo Mkikuyu yuko Kismayu anahesabu mawimbi.

Utauliza: majaji wa London hawakujua? Walijua. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo, usiparuke. Mwaka 1910 lililetwa mbele yao suala la Sekgoma, chifu wa Batawana, katika nchi inayoitwa Botswana leo. Alikuwa amewekwa kizuizini tangu 1906 kwa tangazo tu la Kamishna wa Kiingereza. Mawakili wake wakaomba ile ile amri ya kumleta mbele ya hakimu. Majaji wakajibu, kwa kifupi, kwamba nchi ile si sehemu ya Uingereza, ni nchi ya ulinzi, na sheria ya 1890 inampa Mfalme uwezo wa kuitawala kwa amri zake. Tangazo la Kamishna linatosha. Sheria hiyo hiyo ya 1890 ndiyo Mfalme aliyoitumia mwaka 1920 kuiwekea Tanganyika utawala wake. Kwa hiyo mtu wa Mbulu alipozaliwa chini ya Mwingereza hakuwa raia wa Uingereza kisheria. Alikuwa "mtu aliye chini ya ulinzi". Neno zuri kwa sikio. Maana yake katika jambo letu hili ni kwamba mlinzi wake anaweza kumhamisha na yeye hana mlango wa kubisha.

Nataka uangalie pia Wajerumani wa Oldeani, maana kisa chao ni cha hapahapa Mbulu ya zamani. Miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Oldeani yalikuwa mikononi mwa walowezi ambao wengi wao walikuwa Wajerumani. Vita ilipotangazwa Septemba 1939 walikusanywa wakawekwa kizuizini, wengine wakarudishwa Ujerumani, wengine wakapelekwa makambi ya kusini mwa Afrika. Mashamba yao yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Haikuwa huruma hiyo, walikuwa maadui wa vita. Lakini tazama utaratibu: walijulikana ni raia wa taifa gani, kilijulikana kosa la taifa lao ni nini, mali zao ziliandikwa kwenye daftari, na walikuwa na kwao pa kurudishwa. Mlowezi adui alikuwa na daftari. Muiraqw au Mbarabaig aliyehamishwa kwa sheria ya 1921 alikuwa na ridhaa ya Gavana tu.

(Kwa faida ya vijana: baada ya hapo, kuanzia 1942, Mwingereza aliwaleta wakimbizi wa Kipolandi maelfu akawaweka Tengeru karibu na Arusha, na wengine Kondoa, jirani zetu. Mkimbizi alipokelewa na nyumba akajengewa. Mwulize mzee yeyote wa Kondoa mwenye kumbukumbu.)

Wakubwa nao hawakusalimika. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeshika kasri la Zanzibar Agosti 1896 kwa siku mbili tu kabla ya mizinga ya Mwingereza, alikimbilia kwa Wajerumani akaishi Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata 1916 walipouteka mji, wakampeleka visiwa vya Seychelles na St Helena, na mwisho wakamruhusu akae Mombasa, alikofia 1927. Seychelles ilikuwa kama jalala la watawala waliokataa: Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walitupwa huko, na Askofu Makarios wa Cyprus akapelekwa huko 1956. Hilo la Makarios lilisikika hadi Dar es Salaam, ndiyo maana Sheikh Suleiman Takadir wa TANU watu walimpa jina la utani la Makarios.

Kisa cha Kabaka Mutesa II kina funzo lake peke yake. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimpandisha ndege ya jeshi akampeleka London. Fikiria ajabu hii: pale London, Kabaka alikuwa mtu huru. Alitembea atakako, akaalikwa chakula, akapewa posho. Nchi pekee duniani aliyokatazwa kuingia ni ile aliyokuwa mfalme wake. Waganda hawakukaa kimya, wakaenda Mahakama Kuu ya Uganda, na Novemba 1954 Jaji Mkuu akasema serikali ilitumia kifungu kisicho sahihi cha Mkataba wa 1900. Oktoba 1955 Kabaka alirudi Kampala, na watu wakajaa barabarani.

Na kuna ndugu zetu watatu wa Bahrain, viongozi wa harakati za wananchi, waliohukumiwa mwishoni mwa 1956 wakasafirishwa kwa manowari ya Kiingereza hadi St Helena, kisiwa kile kile cha Napoleon. Walikaa huko wakishindwa rufaa. Mwaka 1961 mahakama ya kisiwa hicho, kisiwa kidogo kilicho katikati ya bahari, ikaona kushikiliwa kwao hakuna msingi wa sheria, wakaachiwa. Allah akitaka, hata jiwe la baharini litatoa hakimu.

Basi bendera ikashushwa, Desemba 1961. Hapa wengi wangependa nisimamishe kalamu. Wanapenda hadithi ambayo mbaya ni Mzungu na baada yake ni asubuhi. Siwezi, kwa sababu kijana wa Basotu hakuzuiwa na Gavana Cameron.

Sheria ya 1921 haikuzikwa na Gavana. Ilibadilishwa jina la mwenye kuitumia tu, pale palipoandikwa Gavana pakawa Rais. Mwaka 1962 ikaongezwa nyingine ya kuweka watu kizuizini. Mwanzoni mwa 1963 viongozi wa wafanyakazi, Victor Mkello, aliyekuwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Shehe Amiri wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, walijikuta wamepelekwa Sumbawanga kwa sababu ya migomo. Hawakuwa wageni. Ni Watanganyika waliohamishwa ndani ya Tanganyika, mwaka mmoja na kidogo baada ya uhuru.

Halafu 1968, katika mgogoro wa jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, Sheikh Hassan bin Ameir, mufti, mwanachuoni aliyefundisha nusu ya masheikh wa bara, mtu aliyekuwa upande wa TANU tangu siku za taabu, akakamatwa na kurudishwa Zanzibar. Mohamed Said ameliandika jambo hili kwa urefu. Angalia neno: akarudishwa. Ndiyo, alizaliwa Makunduchi. Lakini 1968 Zanzibar na Tanganyika zilikuwa nchi moja kwa miaka minne. Alihamishwa kutoka nchi yake kwenda nchi yake. Mwezi Desemba mwaka huo jumuiya ile ikapigwa marufuku. Nayasema haya si kwa kuwasha moto, wapo waliotazama mgogoro ule kwa jicho jingine na wana hoja zao. Nasema tu kwamba kifaa kilichotumika tulikirithi. Surat al-Baqara, aya za 84 na 85, inawalaumu watu waliochukua ahadi wasitoane majumbani mwao, kisha wakawatoa baadhi yao. Wasemwao pale ni watu wa nyumba moja.

Sasa nije Hanang kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo jambo linaunganika na kijana wetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Jumla yake ilifika ekari kama 100,000, na ndani yake kulikuwa na malisho bora ya Wabarabaig na makaburi yao. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu Arusha iliwapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Miongoni mwa sababu zake: wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1923, ya Mwingereza.

Umeielewa hiyo? Mtu anaishi chini ya mlima Hanang, baba yake kazikwa pale, na mwaka 1985, miaka 24 baada ya uhuru, anaambiwa athibitishe kwamba ni mwenyeji kwa kipimo alichokiacha Gavana. Kijana wangu wa Basotu aliposimulia kisa chake, nilisikia mwangwi wa hukumu ile.

Haki nayo ilisema kidogo. Mwaka 1988, Sura ya Haki katika Katiba ilipoanza kutumika mahakamani, mtu mmoja wa Musoma aliyeamriwa kuhamishwa mkoa alifika mbele ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza. Jaji akasema wazi kwamba Sheria ya Kuhamisha Watu inapingana na Katiba. Miaka michache baadaye Tume ya Jaji Mkuu Nyalali, iliyokuwa ikitazama suala la vyama vingi, ikataja sheria 40 za kukandamiza zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa, na ile ya 1921 imo. Hata hivyo sheria zetu zilipokusanywa upya mwaka 2002, bado ilionekana humo, imevaa nguo mpya.

Na London je? Hapa kuna jambo la kusikitisha ambalo wengi hawalitazami. Tulitarajia ule uhuru wa Mwingereza nyumbani kwake ushuke utufikie sisi. Kilichotokea ni kinyume: uwezo wa Gavana ulipanda meli ukaenda London. Mwaka 1962 Bunge lao likafunga mlango kwa watu wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka Nairobi kwa wingi, sheria ya kuwazuia ilipitishwa kwa siku chache tu na kutiwa saini tarehe 1 Machi. Pasipoti ni ya Uingereza, mwenye pasipoti hana ruhusa ya kuingia Uingereza. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona jambo lile lilikuwa la kuwadhalilisha watu kwa sababu ya rangi. Sheria ya 1971 ikamwezesha waziri kumfukuza asiye raia iwapo waziri ataona kuondoka kwake kuna manufaa kwa umma. Waziri akiona. Neno hilo tumeshakutana nalo: Gavana akiridhika.

Siku hizi wamefika mahali pa kumvua mtu uraia, hata aliyezaliwa London, ikiwa wanahesabu kwamba ana uraia wa nchi ya wazazi wake. Na mwaka 2022 walitia saini mkataba na Rwanda ili waombaji hifadhi wapelekwe Kigali, mpaka majaji wakuu wao wakausimamisha Novemba 2023, na serikali iliyofuata ikauacha. Kutoka kumtupa Mwafrika Seychelles hadi kumtupa Msyria Kigali. Usitazame ramani, tazama mkono.

Lakini usicheke ukiwa Katesh. Mwaka 2013 operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu ilipita Kagera, Kigoma na Geita, na katika msukosuko ule wapo waliotenganishwa na wake zao na ng'ombe wao, watu waliokuwa wakiishi huko miaka mingi. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake, sibishani na hilo. Nabishana na kumpima mtu kwa pua.

Nirudi kwa kijana. Nimemwelekeza hivi, na wewe mwenye hali kama yake sikiliza. Atafute kumbukumbu za shule za baba yake, maana watoto wengi wa Kiislamu wa enzi zile walisoma shule za misheni na daftari zile zipo mpaka leo. Atafute risiti za kodi ya babu kama bibi amezihifadhi. Mabibi zetu huhifadhi makaratasi ndani ya makasha kuliko ofisi yoyote. Awachukue wazee watatu wa Basotu, si lazima wawe Waislamu, Mbarabaig au Muiraqw anayemjua babu yake atosha, wakaape mbele ya hakimu au wakili. Na asiende peke yake. Nilimwambia nitakwenda naye.

Jana alinipigia. Mzee mmoja wa Kibarabaig, zaidi ya miaka 80, amekubali kuja. Alimwambia kijana kwamba anaikumbuka siku babu yake alipozikwa, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na wao waliwachinjia waombolezaji dume jekundu. Jumatatu tunakwenda, inshaAllah. Mwenye gari la kutuazima kutoka Katesh, aandike hapa chini.